Lala Salama, Baba

Mwalimu aliifundisha herufi L miaka yote ya kazi yake, na sikumbuki hata siku moja aliyoitamka. Mama huyo alisimama mbele ya darasa la pili na chaki mkononi, akaandika "lala" ubaoni, akatugeukia na kusema, "Semeni: rara." Nasi tukaitikia kwa sauti moja: rara. Akatabasamu na kutuonya tusije tukasema kama watu wasiokwenda shule. Tulikuwa watoto wa Nyansiongo, lugha yetu ya Ekegusii haina L, na ulimi hauwezi kufika mahali ambapo haujawahi kutumwa. Katika rara hiyo yeye aliisikia L. Sisi pia tuliisikia. Mkaguzi mmoja aliyetoka pwani alikuja, akatusikiliza, akatikisa kichwa, na hakuna aliyejua alikuwa akisikitikia nini.

Alipozikwa, mzee wa kanisa alisoma wasifu wake: alikozaliwa, alikuwa mtoto wa nani, wa ukoo gani, alibatizwa lini. Hayo yalisomwa vizuri na sina haja ya kuyarudia. Mwalimu ninayemjua mimi hakuwemo katika karatasi ile. Ninayemjua ni yule aliyekuwa akibishana na simu.

Alisahihisha kila kitu. Tangazo la kanisa likibandikwa, alilipitia kwa kalamu nyekundu kabla halijakauka gundi. Aliwahi kumrudishia mwenye duka kipande cha kadibodi kilichoandikwa "Tunausa unga" na kumwambia hatanunua hata kibiriti mpaka herufi Z irudi mahali pake. Macho yalipoanza kumtupa alihamia kwenye redio, akawa anawasahihisha watangazaji kama vile wanamsikia. Nilimwambia siku moja apumzike, amestaafu. Akanijibu kwamba kosa likiachwa lilale, asubuhi utalikuta lina watoto.

Lakini hakuwa mtu wa kosa moja na adhabu moja. Nikiwa darasa la kwanza tulisoma sentensi "Baba analima", tukaambiwa tuichore. Nilichora mwanamke mwenye leso na jembe. Kwetu nyumbani, tata ndiye baba, na baba ndiye mama. Mtoto wa Kisii huanza shule akiwa na wazazi waliobadilishana majina. Isitoshe, nani aliwahi kumwona mwanamume wa kwetu akilima? Mwalimu aliitazama picha yangu kwa muda, akaweka alama ya kosa, kisha kando yake akaweka alama ya vyema. "Kwa Kiswahili umekosa," alisema. "Kwa ukweli umepata."

Katika uwanja wa shule Ekegusii ilikuwa marufuku. Aliyenaswa alivalishwa kibao shingoni, akakibeba mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Mwalimu ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa kibao hicho. Basi kengele ya jioni ikilia, alipofika tu langoni, alikivua Kiswahili kama mtu anavyovua viatu vinavyombana. Wavulana wote wakawa "tata", wasichana wote wakawa "baba", na tukaulizwa habari za ng'ombe na za nyanya zetu kwa sauti ambayo darasani hatukuwahi kuisikia. Ndivyo watu wa kwetu wanavyomwita mtoto wanayempenda. Wanampa jina la mzazi. Mimi mpaka mwisho aliniita tata, ingawa sina mtoto.

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likizama simu ilizimwa na kufungiwa kabatini, na hata chai ya Jumamosi ilichemshwa siku moja kabla, ikawekwa kwenye chupa. Lakini ujumbe wa binti yake ukisubiriwa, kabati lilifunguliwa. Nilipomchokoza juu ya hilo alinikumbusha ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na kwamba Bwana mwenyewe aliruhusu atolewe. Hivyo nyumbani kwake simu ya binti iliitwa ng'ombe.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliugua akiwa mchanga, kabla hajajua kumwita mtu yeyote, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio. Mume wa Mwalimu, baba wa binti, alikuwa dereva wa lori la majani chai, mtu wa kuonekana nyumbani mara chache, na alifariki binti akiwa bado katika shule ya bweni ya viziwi. Huko shuleni binti alipata ishara za mikono na Kiswahili cha kuandika. Ekegusii hakuipata, kwa kuwa haikuwa kwenye vitabu na yeye asingeweza kuipata kwingine. Mwalimu naye alijifunza ishara akiwa mtu mzima, vidole vikiwa vimeshakauka kwa chaki. Binti alipokua akaenda Nakuru kuwa fundi wa kushona nguo, wakawa wanaandikiana kwa simu kila jioni.

Nimeona baadhi ya jumbe zile, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtengenezea simu. Zilianza "Mwanangu mpenzi" na kumalizika "Wako, Mama", na koma zote zilikuwa mahali pake. Neno la Ekegusii halikuwemo hata moja. Mwalimu aliamini kwamba lugha ya nyumbani haina kazi kwenye maandishi, na kalamu yake ilimtii. Ilikuwa barua safi kila jioni, ungeweza kuisoma mbele ya darasa.

Ndipo macho yakaharibika. Daktari kule Kisii alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, wanaweza tu kujaribu kukilinda kilichobaki. Hakikulindika. Pembe za vitu zilitoweka kwanza, kisha herufi, kisha mikono ya binti yake. Binti alipokuja likizo na kusema kwa vidole, mama alitazama mahali pasipo vidole. Mama haoni na binti hasikii. Sijawahi kukutana na ukuta mnene kuliko huo, na pande zake mbili walikuwa watu wawili wanaopendana.

Bila shaka kulikuwa na watu wa kuandika kwa niaba yake. Jirani yake, mama mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo mrefu zaidi, alijitolea. Mwalimu alimtumia kwa mambo ya mbegu na mvua. Mengine alinyamaza nayo. Aliniambia maneno ya mama na binti yakipita kinywani mwa mtu wa tatu yanafika yakiwa yameoga kwa maji ya mwingine.

Nina duka dogo pale Masimba: kuchapa barua, kutoa nakala, kutengeneza simu. Katika kazi hiyo nilikuwa nimezifahamu programu huria, zile zinazoandikwa na watu wa kujitolea pande nyingi za dunia. Haziuzwi, na yeyote anaruhusiwa kuzifungua ndani na kuzirekebisha. Ilikuwepo moja ya kukusomea maandishi kwa sauti na kuandika maneno unayosema, na ilijua Kiswahili. Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo nikikimbia kama mtoto. Simu itakusomea anachoandika, nikamwambia, nawe utasema, yenyewe itaandika.

Kusoma ilisoma, ingawa alilalamikia inavyoweka mkazo kwenye maneno. Kusikia ndiko kulikotushinda. Kwanza alikataa kuiamsha. Programu ile huamka ukiiita kwa jina lake, kisha unaiambia la kufanya. Mwalimu aliona huo ni utovu wa adabu. Huwezi kumwita mtu na kumtuma papo hapo kabla hujamsalimu. Akawa anaianza kwa "Bwakire", halafu anaiuliza imeamkaje, anangoja jibu, na kabla hajamaliza kungoja programu imekwisha kulala tena. "Mwanafunzi huyu ni mzito," alisema, "lakini angalau hatoroki shule."

Ilipoamka na kusikiliza, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu alisema kwamba amepoteza kalamu yake nyekundu. Ikaandika amepoteza karamu yake nyekundu. Alimwambia binti yake kwamba angependa kumtembelea mahali alipo. Ilichoandika kilikwenda Nakuru kikisema habari za mahari. Binti akajibu kwa kasi: mahari ya nani, nani ameleta, kwa nini hakuulizwa? Tulicheka hata jirani akaja kuuliza kuna nini, naye aliposimuliwa akatoa hukumu yake. "Hiyo kitu haisikiangi watu wa huku," alisema. "Ilifunzwa na watu wa pwani." Tulicheka, lakini jioni ile Mwalimu hakumtumia binti yake chochote.

Jirani alikuwa amesema kweli. Programu ya namna hiyo hujifunza kwa sauti za watu. Kuna mahali mtandaoni ambapo yeyote anaweza kusoma sentensi kwa sauti yake na kuzitoa bure, kisha watu wengine wanazisikiliza na kupiga kura kama zimesomwa sawasawa. Zikikubaliwa, programu inafundishwa nazo. Nikawaza: kama haitujui, basi tujitambulishe. Nilikwenda kanisani kwao Mwalimu, nikaeleza, na wazee kwa vijana wakajipanga nyuma ya kanisa siku ya Jumapili kusoma sentensi kwenye simu yangu. Mwalimu mwenyewe alisoma kuliko wote. Nilimnong'oneza sentensi, akairudia wima, mikono mgongoni, kama anayesoma mbele ya mkaguzi.

Baada ya muda nilifungua kutazama kura. Waliotusikiliza, sijui walikuwa wapi, labda Mombasa, labda Dar es Salaam, labda Nairobi tu, walikuwa wamezikataa nyingi. Za Mwalimu karibu zote. Siwalaumu. Waliona "lala", wakasikia "rara", wakabonyeza alama ya kosa kama walivyoagizwa.

Nilikaa na habari hiyo, sikujua niipelekeje, mwishowe nikaipeleka kama ilivyo. Mwalimu aliniuliza kosa lilikuwa nini. Nikamweleza. Aliniuliza tena, polepole, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia vizuri.

"Unasema mimi sisemi rara?"

"Unasema rara, Mwalimu. Husemi lala."

Akalirudia neno mara mbili, akisikiliza. Nikamwekea sauti yake mwenyewe kwenye simu, kisha nikamwekea ya mtu wa pwani. Nilimwona akisikia. Ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona amezeeka. Alishika mkono wa kiti, akasema kwamba wanafunzi wote wale, miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Nilitaka kumwambia hakuna aliyejua. Sikuona kama hilo lingemfariji.

Tangu hapo alianza mazoezi. Nikifika nilimkuta barazani, uso kwenye jua, ncha ya ulimi ikitafuta nyuma ya meno. Nilimfundisha nilivyoweza, mimi ambaye L yangu pia nimeipata kwa shida na huniponyoka nikikasirika. Wakati mwingine L ilitoka, safi kabisa, akafurahi, na katika sentensi iliyofuata ikapotea. Ulimi wa uzeeni haufunzwi. Nilikuwa nimeketi mbele ya mwalimu wangu nikimwambia "tena", naye akijaribu tena, na sikuwa na la kumsaidia.

Niliijaribu njia nyingine. Kwa kuwa programu ni huria, niliifungua na kuifundisha upya kwa sauti yake peke yake, kwenye kompyuta yangu kuukuu pale dukani, umeme ukikatika na kurudi. Ilijifunza. Ikajua kwamba huyu mama akisema rara anataka lala. Lakini sasa ikafanya yale tuliyokuwa tukifanya sisi kwenye imla baada ya kuchapwa: ikaweka L kila mahali. Rafiki akawa lafiki, barua ikawa balua. Jirani akafurahi kwamba sasa inaongea kama watu wa nyumbani wakijidai.

Niliuliza waliotengeneza programu kama wanaweza kuiongezea Ekegusii, ili Mwalimu aseme kwa lugha yake na binti asomewe kwa Kiswahili. Walinijibu kwa upole kwamba hawana sauti za Ekegusii, na kwamba kazi hiyo inahitaji watu wengi na muda mrefu. Nilipompa Mwalimu jibu hilo alicheka kicheko kifupi. Alisema kumbe kibao alichotuvalisha kimemrudia shingoni, na hapa hakuna mwenzake wa kumvisha.

Nikaendelea kurekebisha. Niliiambia programu itazame maneno yanayolizunguka kila neno kabla ya kuamua, na polepole ikaanza kuelewa kwamba mtu hupoteza kalamu na si karamu. Jioni moja ya katikati ya juma nilikuwa kwake, tumekunywa chai, na alikuwa na furaha kwa sababu mvua imekuja kwa wakati. Aliamsha simu, akaisalimu, akasema na binti yake bila kuyapima maneno, kama vile amesahau kwamba ni mtihani. Nilipotazama kioo cha simu sikuamini. Ilikuwa imeandika: "Mahindi yametoka vizuri, baba. Nakungoja. Lala salama, baba."

Kila neno lilikuwa sahihi. Nilimsomea, akanifanya nisome tena. Nikautuma ujumbe nikiwa nimesimama. Njiani kurudi Masimba nilijiona mtu wa maana kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Binti hakujibu usiku ule wala kesho yake. Sabato mchana jirani akanipigia simu. Alisema nije haraka, binti ya Mwalimu amefika kutoka Nakuru na analia, na wao hawajui anasema nini.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. Mwalimu alikuwa amemshika uso kwa mikono miwili. Alimjua, lakini machozi aliyoyagusa hakuyajua yametoka wapi. Alisikia hatua zangu, akaniuliza kuna msiba gani. Simu ilikuwa kabatini imezimwa. Nilimuuliza kama niiwashe.

"Ng'ombe yumo kisimani, tata," alisema. "Washa."

Niliitoa, nikaiwasha na kuiamsha isikilize. Binti aliichukua simu yake mwenyewe, akaandika, akanionyesha: Mama ameanza lini kuzungumza na baba?

Sikumwelewa. Akanifungulia ujumbe wetu ule, ule uliokuwa hauna kosa. Nikausoma kama nilivyousoma mara ya kwanza na sikuona kitu. Akaandika tena: Baba alikufa nikiwa shuleni. Mama anamwambia lala salama. Anasema anamngoja. Mama anakufa? Akili imemwondoka?

Hapo ndipo nilipousoma kwa macho yake. Mimi ni Mkisii, macho yangu yalikuwa yamepita juu ya neno lile mara kadhaa bila kujikwaa. Niliandika: Hapana. Kwa Ekegusii baba ni mama, na msichana anayependwa huitwa hivyo. Anakuita wewe.

Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyokuwa. Alimtazama mama yake, akatazama simu, kisha akaandika polepole, akanipa nisome.

Mwalimu aliuliza, "Amesema nini?"

Ningeweza kuiacha programu isome. Sikutaka sauti ile ndiyo iyaseme. Nikasoma mwenyewe:

"Tangu nikiwa mdogo nilikuwa naona midomo yako ikisema hivyo. Ukiniamsha, ukinisuka, ukinifunga mkanda wa sare. Nilidhani kila siku unamtafuta baba."

Nje jirani aliyekuwa amesimama mlangoni aliondoka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilibaki katikati yao na simu mbili mikononi, na sikuwa na programu ya jambo hilo. Miaka yote ile binti aliitwa, na hakujua kama anaitwa.

"Mwandikie," Mwalimu akasema hatimaye. "Mwambie kwa Kiswahili alipata."

Nilingoja nusu ya pili, kama ile ya picha yangu. Midomo yake ilijaribu, haikuja.

Binti hakungoja niandike. Alisogea karibu, akaweka kiganja chake kwenye koo la mama yake, pale sauti inapotokea, akamtazama usoni. Mwalimu alielewa anachoombwa. Alilisema neno lile, akanyamaza, akahisi mkono haujaondoka, akalisema tena.

Simu ya Mwalimu ilikuwa bado inasikiliza mkononi mwangu. Iliandika baba, ikaandika baba, mstari baada ya mstari, bila kosa hata moja, na hapakuwa na mtu wa kusomewa.